Sura ya Saba: Fremu ya Milano, Fundi wa Phoenix

Fundi aliyezeeka akitengeneza baiskeli za Phoenix anaweza kuifungua baiskeli ya mbio ya Kiitaliano ya miaka ya 1970 bila kufundishwa na mtu. Naliweka jambo hili mbele kabla hatujagusa spana, kwa sababu watu wengi wa Moshi wanaokutana na fremu ya aina hiyo huiogopa. Wanaona mabomba membamba, usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo na gia zenye majina ya kigeni, wanaamua kwamba huo ni mtambo wa Wazungu, na inaishia kwenye mzani wa vyuma chakavu. Nimeshaona fremu nzuri ikiuzwa kwa kilo, imelala kati ya masufuria yaliyotoboka na nondo zilizopinda. Hasara ya namna hiyo haina sababu.

Mbuyuni nilimkuta mzee mmoja chini ya turubai, fundi ambaye maisha yake yote ametengeneza baiskeli za kazi: za madumu ya maziwa, za magunia ya mkaa, za mikungu ya ndizi inayoshuka kutoka Uru na Kibosho. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikaweka habu ya Kiitaliano ya Campagnolo juu ya gunia lake. Hakuuliza imetoka nchi gani. Aliishika ekseli kwa vidole viwili, akaizungusha taratibu huku ameinamisha sikio, akachukua spana mbili nyembamba na kuifungua. Ndani alikuta bakuli, koni, gololi na grisi iliyoganda. Aliosha kwa mafuta ya taa, akazikagua koni kama zina vidonda, akasema zinafaa.

Aliweza kwa sababu ubunifu ni uleule. Phoenix ya Shanghai, Raleigh ya Nottingham na Bianchi ya Milano zinazungukia gololi zilizolazwa kwenye bakuli la chuma na kubanwa na koni. Mwitaliano aliyanoa mabakuli hayo kwa usahihi mkubwa zaidi na akatumia chuma kigumu zaidi, lakini hakubadilisha wazo. Linganisha na baiskeli ya mbio ya leo: fremu ya nyuzi za kaboni, breki za mafuta, gia zinazoendeshwa na betri, beringi zilizofungwa ambazo zikichakaa hutupwa. Ikikosa kipuri chake maalumu, imekufa. Ile ya zamani unaifufua kwa spana, grisi na kipimo. Kwa mji kama Moshi, baiskeli ya mbio ya mwaka 1975 inafaa kuliko ya mwaka huu. Nasema hivyo nikiwa nimezigusa zote mbili.

Tuitazame kidogo familia inakotoka baiskeli hii. Edoardo Bianchi alianza kutengeneza baiskeli Milano mwaka 1885. Mwaka 1919, katika mji huohuo, ilianza kazi ya mabomba ya chuma ambayo dunia ya baiskeli inayajua kwa jina la Columbus na nembo ya njiwa. Tullio Campagnolo alifungua karakana yake Vicenza mwaka 1933. Inasimuliwa kwamba mwaka 1927, akiwa mkimbiaji, alikwama kwenye mlima wa Croce d'Aune katikati ya theluji; vidole vimekufa ganzi na nati za gurudumu hazifunguki. Kutokana na aibu ile ya baridi akaja na kishikio cha kufungua gurudumu kwa mkono, ambacho hadi leo kinatumika duniani kote. Mtu aliyewahi kupanda usiku kutoka Kibo Hut kuelekea Gilman's Point anaielewa hadithi hiyo bila maelezo.

Mmoja wa wakimbiaji wa familia hii, Fausto Coppi, mshindi wa Tour de France mwaka 1949 na 1952 akiwa juu ya Bianchi, alikufa tarehe 2 Januari 1960 akiwa na umri wa miaka 40. Mwezi uliotangulia alikuwa Afrika Magharibi, katika nchi ambayo leo ni Burkina Faso, kwa mashindano na uwindaji. Alirudi na homa. Madaktari wake Italia hawakuitambua malaria. Mwenzake Mfaransa, Raphaël Géminiani, aliyeugua naye, alitambuliwa na kupona. Kila ninapoisoma habari hii nafikiria zahanati za Kahe na Arusha Chini, ambako mhudumu angempima malaria kabla ya kitu kingine chochote.

Na Afrika Mashariki si mgeni katika familia hii. Asmara wamekuwa wakishindana kwa baiskeli tangu enzi ya Waitaliano, na Mweritrea Biniam Girmay alishinda hatua ya Giro d'Italia mwaka 2022, kisha akavaa jezi ya kijani ya Tour de France mwaka 2024. Mkenya David Kinjah, wa Kikuyu karibu na Nairobi, alisajiliwa na timu ya Italia mwaka 2002; kijana wa Nairobi aliyejifunza kuendesha chini yake, Chris Froome, akaja kushinda Tour mara nne. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika.

Fremu zenyewe hufikaje Moshi? Njia ni mbili. Baadhi huja ndani ya makontena ya mitumba kutoka Ulaya, zimechanganywa na baiskeli za mjini, za watoto na za milimani, na wauzaji huzipa bei ndogo kwa kuwa hazina keria wala matairi mapana. Nyingine zililetwa na wageni wenyewe: madaktari wa kujitolea, walimu, wamisionari, waongozaji wa safari. Mgeni akimaliza mkataba huuza friji, kitanda na baiskeli siku moja. Zikishatoka mikononi mwake hupotea: habu huenda huku, usukani kule, fremu inabaki ukutani au juu ya banda la kuku. Ndiyo maana anayetaka kuifufua baiskeli ya namna hii Moshi huanza na fremu peke yake, na kila kingine anakitafuta kwa mafundi wa Majengo, Pasua na Kiboriloni.

Rangi na nembo zikiwa zimeshapotea, fremu utaitambuaje? Ipime uzito kwa mkono, kisha angalia masikio ya nyuma yanayoshika ekseli ya gurudumu: mara nyingi fremu bora ya Kiitaliano ina jina la Campagnolo limegongwa pale. Angalia maungio ya mabomba. Kwenye kazi nzuri, bomba limeingia ndani ya soketi ya chuma iliyochongwa, na kuunganishwa kwa shaba au fedha kwa moto wa gesi. Kisha geuza fremu juu chini utazame bomba fupi la chini, lile linalobeba ekseli ya kranki. Hapo ndipo fremu husema ukweli, na hapo ndipo nitakaa kwa muda.

Pima upana wa bomba hilo kwa vernia. Ukipata milimita 68, yaelekea una tredi za Kiingereza. Ukipata milimita 70, karibu hakika ni za Kiitaliano. Kipenyo nacho kinatofautiana: cha Kiingereza ni kama milimita 34.8, cha Kiitaliano ni milimita 36. Idadi ya tredi kwa inchi ni ileile, 24, na hiyo ndiyo inayowadanganya watu, kwani mtu huhesabu tredi akaona zinalingana na kudhani kipuri kitaingia. Kikombe cha Kiingereza ndani ya bomba la Kiitaliano hucheza bila kushika. Baiskeli za Raleigh ziliongeza mkanganyiko, kwani kiwanda kile kilikuwa na tredi zake, 26 kwa inchi, na baiskeli nyingi za mizigo zilifuata mkondo huo. Kwa hiyo kikombe kutoka kwenye sanduku la vipuri vya Phoenix hakitakusaidia hapa, hata kama kinang'aa na bei ni ya kirafiki.

Tofauti nyingine iko kwenye mwelekeo. Kwa Waingereza, kikombe cha upande wa mnyororo hufungwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Kwa Waitaliano, vikombe vyote viwili hufungwa kama nati ya kawaida. Mpanda baiskeli anaposukuma pedali, gololi zinazozunguka hukivuta kikombe cha kulia upande wa kufunguka. Kile cha Kiingereza kimekatwa tredi za kinyume ili mvuto huo uzidi kukibana. Cha Kiitaliano hakina kinga hiyo, hivyo kisipofungwa kwa nguvu za kweli kitalegea, na kikilegea kinakula tredi za fremu. Dawa inapatikana kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi: ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Safisha tredi mpaka chuma kionekane, zungushia tepu, funga kwa spana yenye mkono mrefu. Baada ya wiki chache za kuendesha, kagua tena.

Kwa nini nakaa sana hapa? Kwa sababu kosa la sehemu hii halirudishiki kirahisi. Fremu ya Kiingereza iliyoharibika tredi inaweza kupanuliwa na kukatwa tredi za Kiitaliano, kwani 36 ni kubwa kuliko 34.8. Ya Kiitaliano ikiharibika haina saizi ya kupandia. Zipo ekseli za kisasa zinazojibana zenyewe bila tredi, na ndizo huokoa fremu kama hizo, lakini huagizwa mbali na kwa fedha nyingi. Fundi akikuambia kwamba ataingiza kikombe kwa nyundo, mshukuru, chukua fremu yako, uondoke.

Onyo la pili linahusu moto. Mabomba ya Columbus SL, yaliyotumika sana kwenye baiskeli za mbio za enzi hizo, yana ukuta wa milimita 0.9 kwenye ncha na milimita 0.6 tu katikati. Fundi wa kuchomelea mageti, aliyezoea nondo na bomba za mraba, akigusa ukuta wa milimita 0.6 kwa umeme atautoboa, au ataudhoofisha hata kama hautatoboka, nao utakatika siku isiyo na taarifa. Ufa mdogo kwenye maungio hurekebishwa kwa gesi na shaba, na mtu mwenye mkono mwepesi. Ufa katikati ya bomba, kwa maoni yangu, ni mwisho wa fremu hiyo. Itundike ukutani, usimpandishe mwanao.

Kutu nayo ina mahali pake pa kujificha. Mvua za masika huingia kupitia bomba la siti na kushuka hadi kwenye bomba la kranki, na maji hukaa pale miaka. Toa kila kitu, mulika kwa tochi, gonga mabomba kwa kucha usikilize. Sauti inapaswa kuwa ileile kuanzia juu hadi chini; ikifa mahali fulani, chunguza hapo. Nguzo ya siti ya aluminiamu iliyogandana na fremu ya chuma inahitaji mafuta ya kupenyeza na siku kadhaa za subira. Kinachohitaji nguvu siku ya kwanza mara nyingi hutoka chenyewe siku ya tano.

Nguzo ya siti yenyewe inapotafutwa, chukua vernia uende nayo sokoni. Fremu nyingi za Columbus SL hutaka milimita 27.2. Kwa mafundi utapata 25.4, 26.8, 27.0, zote zinafanana machoni. Ukipata 27.0 usikate tamaa: ukuta wa kopo la soda una unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, hivyo ukikata kipande chake na kukizungushia unapata kipimo kamili. Ukilazimisha 26.8, masikio ya fremu yanayobana nguzo hiyo yatakutana na kupinda, na yakishapinda huo ugonjwa ni wa kudumu.

Sasa upana wa nyuma. Fremu ya gia tano ilitengenezwa kwa habu ya milimita 120, ya gia sita au saba kwa 126, na za baadaye kwa 130. Gurudumu utakalolipata kwenye mitumba huenda lisiingie. Chuma kinasamehe. Foku ya nyuma inaweza kupanuliwa polepole kwa ubao mrefu, upande mmoja kisha mwingine, bila moto. Ukimaliza unapima kwa uzi: funga uzi kwenye sikio la kushoto, uzungushe mbele ya bomba la shingo, uurudishe kwenye sikio la kulia. Kisha pima umbali kati ya uzi na bomba la siti kila upande. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Mbinu hii haigharimu kitu na inapita macho ya mtu yeyote. Fremu ya aluminiamu usiijaribu hivyo, yenyewe hupasuka.

Matairi ndiyo sehemu ambayo wengi hupoteza fedha. Baiskeli ya mbio ya Kiitaliano hutumia ringi ambayo kipimo chake cha kweli ni milimita 622. Phoenix ya inchi 28 ni milimita 635. Baiskeli za mjini za Kijapani zenye maandishi ya inchi 27 ni milimita 630. Tofauti kati ya 622 na 630 ni milimita 8 tu, jicho haliioni, na muuzaji atakuapia kwamba ni saizi moja. Tairi la 630 juu ya ringi ya 622 litajaa upepo vizuri kabisa mbele yako, halafu litachomoka kwenye mteremko. Soma ubavuni mwa tairi: kuna namba mbili zenye kistari kati, kwa mfano 28-622 au 37-622. Namba ya pili ndiyo inayoamua. Habari njema ni kwamba baiskeli za mjini za Uholanzi na Ujerumani, ambazo huja kwa wingi kwenye mitumba, hutumia 622. Tairi zake ni pana mno kwa foku ya Kiitaliano, lakini ringi zake na tyubu zake zinaweza kukufaa. Epuka ringi za chuma zilizochovywa kromu. Zikilowa, breki hazishiki, na huku kwetu vuli haitoi taarifa.

Baada ya hapo tunafika kwenye mlima, na hapa naachana na watu wanaotaka kila kipuri kiwe cha asili.

Baiskeli ya mbio ya miaka ya 1970 yenye kranki ya Campagnolo Nuovo Record ilikuwa na sproketi mbili za mbele, kwa kawaida meno 52 na 42. Mpangilio wa tundu za bolti kwenye kranki ile hauruhusu sproketi ndogo kuliko meno 41. Nyuma, sproketi kubwa ilikuwa na meno 26 hivi, kwa kuwa mkono wa gia wa enzi ile haukuvumilia zaidi. Piga hesabu: mbele 42, nyuma 26, gurudumu lenye mzingo wa kama mita 2.1. Mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita 3.4. Kwa vijana waliolipwa kukimbia Milano hadi Sanremo hiyo ilikuwa gia ya kupumzikia.

Sasa ondoka Moshi mjini kuelekea Himo, ukunje kushoto kupanda Marangu. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Lango la hifadhi la Marangu liko karibu mita 1,900. Kupanda kwenyewe kunaanza baada ya Himo, na kadiri unavyoingia kwenye migomba na kahawa ndivyo barabara inavyosimama. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika kwenye gia ile ya Kiitaliano, unalazimika kwenda kilomita 12 kwa saa. Mtu wa kawaida hawezi kuushika mwendo huo kwenye mwinuko mkali kwa saa nzima. Atapunguza mizunguko, magoti yatabeba uzito wote, kisha atashuka na kusukuma. Njia za Kibosho na Old Moshi ni kali zaidi.

Suluhisho liko kwenye rundo la baiskeli za milimani zilizochoka, ambazo hakuna fundi Moshi asiyekuwa nazo. Chukua kranki yenye sproketi tatu, kwa mfano meno 28, 38 na 48. Chukua friwili ya gia sita ya meno 14 hadi 28. Chukua mkono wa gia mrefu wa nyuma, ule wenye viroda viwili vilivyoachana. Sasa gia ya chini kabisa ni 28 kwa 28, yaani mita 2.1 kwa kila mzunguko, na kwa mizunguko ileile 60 unapanda kwa kilomita saba na nusu kwa saa. Huo ni mwendo ambao mtu mzima mwenye afya anaweza kuushika huku akiwasalimia wanaoshuka. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Nick na Richard Crane, waliifikisha baiskeli hadi kilele cha Kibo, nao walikwenda na baiskeli za milimani.

Kuziunganisha sehemu hizo na fremu ya Kiitaliano si uchawi. Bolti ya mkono wa gia wa Kijapani ina tredi ya milimita 10 kwa hatua ya milimita 1; sikio la Campagnolo lina milimita 10 kwa tredi 26 kwa inchi. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba bolti ikipakwa grisi na kuanzishwa kwa vidole, bila kupinda, inaingia. Ekseli ya kranki ya sproketi tatu lazima iwe ndefu kuliko ya kranki ya sproketi mbili, la sivyo sproketi ndogo itasugua foku. Hapo unabaki na vikombe vya Kiitaliano na kubadilisha ekseli peke yake. Friwili ndiyo ya kuangalia kwa makini, kwa sababu habu za Kiitaliano nazo zilikuwa na tredi zake, milimita 35, karibu sawa na za Kiingereza lakini si zilezile. Ikiwa utatumia habu kutoka baiskeli ya mitumba ya Ulaya au Japani, tatizo hilo linaondoka lenyewe.

Kinachoiwezesha ndoa hii yote ni vishikio vya gia vya zamani vilivyokaa kwenye bomba la mshazari la fremu. Havina vituo vinavyolia "tik". Unavisogeza, unasikiliza mnyororo, unaacha pale kelele inapokwisha. Kwa sababu havina vituo, havijali sproketi ni tano, sita au saba, za Osaka au za Vicenza. Vya kisasa vyenye vituo vinahesabu kila milimita na vinakataa mchanganyiko. Mtu akikushauri uvitupe vishikio vya zamani, usimsikilize. Kwa anayejenga kwa vipuri vya kuokoteza, hivyo ndivyo vipuri vya thamani kuliko vyote.

Breki zisichukuliwe kwa wepesi, kwani kila kilichopandishwa Marangu kitashuka. Mikono ya breki ya zamani ya Campagnolo, Universal au Modolo bado ni imara, lakini mpira wake baada ya miaka 40 umekuwa mgumu kama jiwe. Weka mipira mipya hata kama ile ya zamani inaonekana nene. Weka waya mpya na gamba jipya. Kichwa cha waya wa kawaida wakati mwingine ni kinene kidogo kwa vishikio vya Campagnolo, kikwangue kwa tupa mpaka kikae bila kulazimishwa. Kabla ya mlima, nenda kwanza tambarare za Arusha Chini, kwenye barabara za mashamba ya miwa, ukabane breki kwa nguvu zote pasipo gari wala mteremko. Kitu kikilegea, kilegee kule.

Gololi ni rahisi na hazina kisingizio. Badilisha zote, usichanganye mpya na za zamani. Habu ya nyuma na ekseli ya kranki hutumia za robo inchi, ambazo kila fundi wa Phoenix anazo mfukoni. Habu ya mbele ya Campagnolo Record hutumia za inchi 7/32, na hapo mafundi wengi huweka 3/16 kwa kuwa ndizo zilizopo. Zinaingia na zinazunguka, lakini zinachimba bakuli mahali pasipostahili. Tafuta saizi yake hata kama itakuchukua muda.

Rangi sitasema mengi. Ikiwa ya asili imebaki hata nusu, iache, ipake nta. Ikiwa imekwisha, mpulizaji rangi wa magari anaweza kuipaka vizuri, ilimradi azibe tredi kwa tepu kabla ya kuanza.

Wapo watakaosema kwamba fremu ya Milano yenye kranki ya Kijapani, ringi za Kiholanzi na siti ya mitumba imepoteza heshima yake. Siafiki. Fremu ndiyo iliyotengenezwa kwa mkono wa mtu, kwa pembe na urefu uliokusudiwa, na ndiyo inayoamua jinsi baiskeli inavyokata kona na inavyopokea mashimo ya barabara. Sehemu nyingine zote zilibuniwa zichakae na zibadilishwe, na mbio za Waitaliano wenyewe zilikuwa hivyo: kila timu ilibadilisha vipuri kulingana na mlima uliokuwa mbele. Baiskeli ya maonyesho yenye kila bolti ya asili, ambayo haiwezi kufika hata Kirua, ina faida gani kwa mtu anayeishi hapa?

Kitu kimoja kinakosekana, na ndicho ninachowaomba wenzangu wa Moshi. Katika meza zote za mafundi nilizozitembelea, kuanzia Mbuyuni hadi Kiboriloni, sijaona tapu, yaani kikata tredi, ya Kiitaliano ya milimita 36 kwa tredi 24. Kifaa hicho kimoja kingesafisha bomba la kranki la kila fremu ya aina hii iliyolala mkoani Kilimanjaro, na kingezuia nyundo. Ni ghali kwa fundi mmoja, wala hatakitumia kila wiki. Tuchange tukinunue, tukiweke mahali pamoja panapojulikana, kwa fundi tunayemwamini au kwenye karakana ya chuo cha VETA hapa Moshi, na yeyote mwenye fremu akitumie kwa ada ndogo ya kukitunza. Na wewe msomaji uliye na fremu juu ya banda la kuku, ishushe wikendi hii, ipime bomba la kranki, na kabla hujampa mtu wa vyuma chakavu, mpelekee kwanza fundi wako wa Phoenix.